Kajuju Wawili na Goli Moja

Duka la cherehani la Gitobu linatazamana na hoteli yangu hapa Kianjai, na kati yetu kuna barabara tu. Kwa miaka kumi na saba nimemsikiliza bila kutaka. Ukimpelekea suruali abadilishe zipu, utarudi nyumbani na zipu mpya pamoja na maoni yake juu ya mbolea, wabunge na nywele za vijana. Mimi ni Mama Kagwiria. Nauza chai, mandazi na githeri, na mtu akiniuliza jambo namwambia lilivyo. Kwa hiyo nikisema Gitobu ni mtu mwema mwenye maneno mengi, jua nimempima vizuri.

Lakini ninayetaka kueleza habari zake hapa ni mama yake, Kajuju.

Kajuju ana miaka sabini na mmoja. Ni mfupi, mwembamba, na huvaa gambuti kila siku isipokuwa Jumapili, anapokwenda Methodisti na viatu vyeusi vinavyombana hadi anamtazama mhubiri kwa hasira. Alimzika mume, akalea watoto watano kwa maharagwe na ndizi, na mpaka leo analima mwenyewe. Hana simu. Akitaka kuzungumza na mtu humwita kutoka shambani kwake, na mtu huyo husikia.

Gitobu alipopata mtoto wa kwanza, msichana, alimpa jina la mama yake kama desturi yetu inavyotaka. Sasa, wajina kwetu si mambo ya cheti cha kuzaliwa tu. Mtoto akipewa jina lako, ni wewe umerudi ukiwa mdogo. Gitobu humwita bintiye "mama." Mkewe humwita "mama mkwe," na mtoto alipokuwa mchanga ungemsikia akimwambia mgeni bila hata kucheka, "Nisubiri kidogo, mama mkwe amejinyea." Karibu kila boma hapa lina watu wa namna hiyo, na wengi wetu tunalichukua jambo hili kwa kiasi. Kajuju mkubwa hajui kiasi ni nini.

Kajuju mdogo akipata kikohozi, mkubwa naye hunywa dawa. Mdogo aling'olewa jino, mkubwa akala uji siku tatu. Shule zikifungwa, Kajuju mkubwa huja kwangu na ripoti mkononi, anaketi, anaagiza chai na kuwatangazia wateja matokeo.

"Kiswahili nimefanya vizuri," aliniambia muhula uliopita. "Hesabu, wanasema ninakaribia matarajio." Akanywa chai kidogo. "Miaka sabini na mmoja, Mama Kagwiria, na ndio naanza kukaribia."

Mambo hayo hayakuwa yamemdhuru mtu yeyote mpaka muhula huu wa pili, wakati wa michezo.

Shule yetu ina sekondari msingi, gredi ya saba hadi ya tisa, na timu ni moja. Humo kuna mtoto wa gredi ya saba ambaye bado anaomba ruhusa ya kwenda chooni huku akirukaruka, na kuna msichana wa gredi ya tisa anayetoshea nguo za mama yake. Wote huingia uwanja mmoja. Mwaka jana kijana wa gredi ya saba wa shule nyingine aligongana na mkubwa wake akapoteza meno mawili, na habari hiyo ilipofika kwetu ilikuwa meno manne na mguu. Gitobu, ambaye ni mwenyekiti wa wazazi, akaita mkutano.

"Mimi kama fundi," alisema akiwa amesimama mbele ya ubao, "siwezi shona kitambaa kabla sijakiloweka. Nikishona hivyo, siku ya kwanza kufuliwa kitasinyaa, na mteja ataniletea matusi. Hawa watoto wa gredi ya saba, wazazi wenzangu, bado hawajalowekwa."

Watu walitazamana. Thuranira, katibu wake, mzee ambaye humuunga mkono hata akipiga chafya, akauliza watalowekwa lini.

"Gredi ya nane," Gitobu akajibu bila kusita.

Tukapiga makofi. Akapendekeza gredi ya saba wafanye mazoezi tu, wasichezee timu ya shule hadi mwaka unaofuata. Tukainua mikono sote. Nami niliinua, sitaficha, kwa sababu mkutano ulikuwa umeingia saa yake ya tatu na nilikuwa nimeacha mafuta ya mandazi jikoni. Ndivyo sheria nyingi za hapa zinavyopita.

Wiki mbili baadaye kipa wa timu ya wasichana, Ruguru, akahama. Baba yake alipata kazi Embu, wakapanga nyumba mtaa wa Majimbo, na mtoto akaondoka na glavu za shule kwenye mkoba. Hapo ndipo Mwalimu Nyamu alipoanza kukonda. Nyamu ndiye mwalimu wa michezo, mtu wa Kiambere, kule karibu na bwawa la umeme, kijana mpole anayefundisha sayansi huku filimbi ikimning'inia shingoni. Alitafuta kipa katika gredi ya nane na ya tisa. Wa kwanza aliogopa mpira. Wa pili aliogopea kucha zake. Wa tatu alidaka vizuri kabisa, lakini kila akidaka alifurahi mno akakimbia nao ndani ya goli.

Aliyejua kazi hiyo alikuwa mmoja tu, Kajuju mdogo, miaka kumi na miwili, gredi ya saba. Nyumbani kwao kuna miparachichi mitatu. Kajuju mkubwa huangua kwa mti mrefu wenye ndoano, na mdogo husimama chini akidaka, kwa sababu parachichi likishagusa ardhi hakuna mnunuzi atakayelitaka. Wamefanya hivyo tangu mtoto akiwa na miaka mitano. Siku moja hapa kwangu nilisukuma kikombe kwa kiwiko, na yule mtoto alikidaka akiwa ananieleza habari nyingine, wala hakukata sentensi.

Nyamu akamwendea Gitobu dukani. Nilisikia yote nikikanda unga.

"Mwenyekiti, nisaidie. Ni mechi moja tu, ya Ijumaa. Hao wa shule ya mlimani watatumaliza. Kwenda bila kipa ni aibu."

"Mwalimu, sheria ni sheria."

"Si ni wewe uliitunga?"

"Ndio maana siwezi kuivunja," Gitobu akasema, akakanyaga cherehani kwa nguvu ili mazungumzo yaishe.

Kajuju mdogo hakulia. Ni mtoto wa maneno machache, sijui aliyatoa wapi kwa baba kama huyo. Aliacha tu kula. Kajuju mkubwa alipoona sahani imerudi jikoni imejaa, naye akatangaza mgomo. "Mimi na mimi hatuli," aliwaambia watu wa nyumba. Kesho yake saa nne asubuhi alikuwa hotelini kwangu akimaliza andazi la tatu. Nikatazama sahani yake.

"Andazi si chakula," akasema. "Ni la kushikilia roho."

Kisha akaniambia kinachomchoma. Sheria yenyewe haikumsumbua, maana ameona sheria nyingi zikija na kwenda. Kilichomchoma ni kwamba mwanawe mwenyewe alisimama mbele ya watu akasema Kajuju ni mdogo, Kajuju hawezi. "Nimemzaa, nimemnyonyesha, nimempeleka kujifunza hiyo ushonaji," alisema. "Halafu anaenda kuambia watu mimi sijalowekwa."

Nilicheka mpaka nikaketi juu ya gunia la makaa. Kajuju hakucheka. Nilipoona hacheki, nikainuka, nikamwongezea chai.

Nyamu naye hakukata tamaa. Alituma ujumbe nyumbani kwao kwamba Kajuju afike uwanjani Jumatano saa kumi kwa majaribio ya kipa. Akifaulu, mwalimu angeomba kamati ikutane tena na kuitazama ile sheria upya. Gitobu aliposikia hivyo, Jumatano hiyo alimtoa bintiye shuleni mapema akamketisha dukani kushona vifungo. Mashati ya watu yalipata vifungo hata mahali ambapo Mungu hakukusudia. Nilimwona mtoto kutoka kwangu, kichwa chini, sindano ikiingia na kutoka, na roho ikaniuma. Nilikumbuka mkono wangu ulivyokuwa juu siku ile ya mkutano, nikauonea haya.

Saa kumi kasorobo, Kajuju mkubwa akapita barabarani. Gambuti miguuni, leso imefungwa kiunoni kwa fundo la vita, na mikononi amevaa soksi za kanisani. Hakutazama dukani wala kwangu. Nilifunika sufuria nikamfuata.

Uwanja wetu umeinama upande mmoja, na kule chini nyuma ya goli ndiko hufungwa ng'ombe wa shule. Nyamu alipomwona anakuja alidhani ameleta malalamiko.

"Karibu, nyanya. Tulikuwa tunamngoja Kajuju."

"Na mimi ni nani?"

Nyamu akashika filimbi yake. Mtu wa kutoka mbali angecheka na kumwomba arudi nyumbani. Lakini kwao Kiambere mambo ni hayo hayo, na mtoto wake mwenyewe ni baba yake, na hupewa chai kabla ya wageni. Hakuwa na pa kutokea. Alimtazama bibi, akatazama wasichana wake.

"Penalti tano," alisema kwa sauti ya mgonjwa. "Kila mtu moja."

Kajuju akaingia golini, akatemea soksi mate, akainama kama mtu anayeng'oa maharagwe.

Wa kwanza aliusukuma mpira taratibu hivi kwamba uliishia njiani. Kajuju akatoka, akaufuata, akauokota. "Moja," akasema. Wa pili alikimbia vizuri, akaufikia mpira, akasimama. "Ticha, mi siwezi. Huyu ndiye hunipea ndizi tukitoka kanisa." Kajuju akasema, "Mbili." Wa tatu akafumba macho na kupiga kuelekea jikoni, na tukasikia sufuria ya mpishi ikilia. "Tatu." Wa nne alitazama zile soksi akaanza kutokwa na machozi, na Nyamu akaandika nne tu ili yaishe.

Wa tano alikuwa Kagwiria wangu. Yuko gredi ya tisa, na mguu wake wa kulia umeshanivunjia madirisha mawili.

Lazima nieleze kwamba binti yangu ana jina la mama ya mume wangu, marehemu, na kwamba Kagwiria huyo mkubwa na Kajuju huyu mkubwa waligombania kuku aliyetagia upande usio wake. Waligombana miaka ishirini na mitatu. Waliketi benchi moja kanisani, wakaimba sauti moja, na hawakusalimiana hadi mmoja akafa. Basi Kajuju alipoona ni nani amesimama nyuma ya mpira, aliinuka wima.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Hata kufa hukufa ukaniacha. Haya. Kuku ni wangu. Piga."

"Nyanya, mi hata sijui ni kuku gani."

"Unajua!"

Mtoto wangu ana hasira za marehemu, hilo siwezi kulikataa. Alirudi nyuma hatua sita. Nikaziba macho. Nilisikia kishindo, kisha Nyamu akisema "Ai!" Nilipofungua macho, Kajuju alikuwa ameketi chini na gambuti moja. Ya pili ilikuwa imelala ndani ya wavu. Mpira ulikuwa nje, ukiteremka polepole kuelekea kwa ng'ombe. Nyamu alifikiria kwa muda mrefu kama gambuti ikiingia ni goli. Mwisho akatoa daftari na kuandika, niliona kwa macho yangu: Kajuju, tano kwa tano.

Kajuju alirudi sokoni akichechemea kidogo, mgongo wima, watoto zaidi ya thelathini wakimfuata. Aliingia dukani kwa mwanawe bila kubisha.

"Nimepita," alimwambia.

Gitobu aliona goti la mama yake limevimba, akaruka kutoka kwenye kiti. "Mama, umeumia!"

"Nani amesema ameumia? Nimechaguliwa. Itisha mkutano."

Kajuju mdogo aliinua kichwa kutoka kwenye vifungo. Hapo ndipo nilipomwona akitabasamu mara ya kwanza wiki hiyo, na nikajua kwamba tukimnyima huyu mtoto Ijumaa yake, hatutakuwa tumemlinda na kitu chochote, tutakuwa tumemvunja sisi wenyewe. Nilimwambia Gitobu hivyo hivyo kutoka mlangoni. Akaniambia nirudi kwa mandazi yangu.

Mkutano ulifanyika Alhamisi, darasani, sisi wote tukiwa tumekunjamana kwenye viti vya watoto. Thuranira alisoma daftari la mwalimu kwa sauti ya mahakama: Kajuju, tano kwa tano. Kajuju mkubwa alikuwa ameketi mbele kabisa. Alisimama kabla hajapewa nafasi, na mwenyekiti angemwambia nini mama yake?

"Kamati ilisema Kajuju ni mdogo," alianza. "Nina miaka sabini na mmoja. Kama kuna mtu hapa amenizidi, asimame."

Hakuna aliyesimama. Thuranira, ambaye ana sitini na tisa, alitazama viatu vyake.

"Mama," Gitobu akasema kwa upole, "tunaongea juu ya mtoto."

"Mtoto gani? Mlimpea jina gani?"

"Kajuju."

"Basi."

Darasa lilivunjika mbavu. Nyamu alijificha nyuma ya daftari. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelala juu ya dawati. Gitobu alisimama mbele yetu, akafungua mdomo, na maneno hayakutoka. Katika miaka kumi na saba sijawahi kumwona Gitobu amekosa maneno. Kicheko kikaanza kupungua chenyewe, mmoja mmoja, mpaka tukawa tunamtazama tu.

"Alizaliwa miezi saba," akasema. "Kilo moja na robo. Pakiti ya unga ilikuwa inamshinda. Nesi aliniambia ngozi ya mtu ni bora kuliko blanketi, so nilimbeba ndani ya shati yangu wiki sita. Nilikuwa nahesabu akipumua. Moja, mbili, tatu, nikifika mia naanza tena. Mpaka leo akikimbia nahesabu. Mimi najua mko na haki ya kunicheka. Lakini nyinyi mnaona mpira. Mimi naona ile kitu kidogo iko hapa." Akajigusa kifuani, akaketi.

Nilitafuta leso ya kupangusia macho, nikakosa, nikatumia aproni. Hii ndiyo ilikuwa sababu yake siku zote, na yeye akatuletea habari za vitambaa.

Mama yake alikuwa bado amesimama.

"Najua," alisema. "Ndani ya hiyo shati nilikuwa mimi."

Akamgeukia mwanawe.

"Ulinibeba vizuri, Gitobu. Nilikuwa sijakuambia asante. Asante." Alivuta pumzi. "Lakini mara ya kwanza, nilipokuwa na miaka kumi na mbili, nilitolewa shule nikapewa mtoto mgongoni. Mtoto akilala, ni mtungi wa maji. Vijana walikuwa na mpira wa majani ya ndizi, na mimi nilikuwa nawapita nikienda mto, nawapita nikirudi. Hakuna mtu aliitisha mkutano akasema Kajuju ni mdogo. Sasa nimerudi. Hii mara nataka kucheza."

Akaketi. Nyamu alitoa mfukoni fomu ya ruhusa ya mzazi, imekunjwa mara nne, akaiweka mbele ya Gitobu pamoja na kalamu. Gitobu aliisoma kuanzia juu hadi chini, akaigeuza upande wa nyuma ambao haukuwa na kitu, akausoma nao. Kisha akatia sahihi. Thuranira akaunga mkono kabla ya mtu kupendekeza chochote. Tukaandika kwamba mtoto wa gredi ya saba atacheza ikiwa mzazi wake ametia sahihi na mwalimu amemwona anaweza, na safari hii niliinua mkono nikijua ninachofanya.

Ijumaa hoteli yangu ilifungwa. Wengi wa sokoni walikuwa uwanjani, na waliobaki sokoni walikuwa wanauziana wenyewe.

Gitobu alikuwa ameshona. Alimvisha bintiye vikinga vya magoti, vya viwiko, vya mabega, na kimoja cha tumbo na mgongo, vyote vimejazwa pamba ya godoro. Mtoto alitoka darasani akitembea mikono ikiwa wazi pande zote kama nguo iliyoanikwa. Refa alimzunguka mara mbili akitafuta kipa yuko wapi humo ndani. Akaagiza vipunguzwe. Akabishana na Gitobu, na vya magoti tu vikabaki.

Wasichana wa mlimani walikuwa wakubwa. Mshambuliaji wao ningelazimika kumwambia ainame akiingia hotelini kwangu. Lakini Kajuju mdogo alisimama pale golini kama yuko chini ya mparachichi. Mpira wa kwanza ulikuja juu, akaudaka. Wa pili ukaja chini, akaudaka. Hakuwa na mbwembwe zozote. Kitu kilikuwa kinaanguka naye anakichukua, basi.

"Nimedaka!" Kajuju mkubwa alikuwa akipiga kelele kando ya mstari, gambuti zote mbili miguuni. "Nimedaka tena! Mnaniona?"

Tulikuwa tunamwona. Gitobu aliketi karibu naye kwenye benchi la akiba, mikono kati ya magoti, midomo ikicheza. Nilisogea nikamsikia. Safari hii alipofika mia hakuanza tena; alikuwa amefika mia nne na kumi na sita.

Kagwiria wangu akafunga goli moja kabla ya mapumziko, na sitalieleza sana kwa sababu watu wa hapa wamechoka kulisikia. Kipindi cha pili wa mlimani wakasawazisha kwa mpira uliogonga mgongo wa mchezaji wetu mwenyewe ukabadilisha njia. "Nimefungwa," akasema Kajuju mkubwa kwa utulivu. Gitobu alimtazama bintiye aone kama analia. Alikuwa ameuokota mpira na kuurusha kati, anataka waendelee.

Dakika ya mwisho yule mrefu akatupita wote. Alibaki yeye na goli, na katikati yao mtoto aliyezaliwa akizidiwa na pakiti ya unga. Kajuju mdogo hakungoja. Alitoka mbio, akajitupa miguuni pake, na tukasikia mgongano kutoka mahali tulipokuwa. Yule mrefu akapaa juu yake na kuanguka upande wa pili. Filimbi ikalia kusimamisha mchezo. Yule mrefu akaketi, akajipangusa vumbi. Kajuju mdogo alibaki amelala kifudifudi, amejikunja, hasogei.

Nyuma ya goli ng'ombe waliendelea kutafuna. Gitobu alikuwa ameacha kuhesabu. Aliinuka, akaangusha benchi pamoja na mchezaji wa akiba, na mguu mmoja ulikuwa umeshavuka mstari mama yake alipomshika koti kwa nyuma, kwa mikono yote miwili, akachimba gambuti chini.

"Mama, niache! Ameanguka!"

Nilikuwa karibu kabisa. Yule bibi alilikunja koti ndani ya ngumi zake. Macho yake hayakuondoka golini.

"Nimeanguka tu, Gitobu," alisema. "Ngoja niamke."

Gitobu akasimama pale pale, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Kule golini goti likasogea, kisha kiwiko, kisha Kajuju akaamka, mpira ameukumbatia tumboni.